Pamba, Kijiti na Mate

Zuhura na Furaha, hotuba ya kuaga nilishaitoa kwa Kiingereza, mbele ya wakubwa, nikiwa na kipande cha keki mkononi, na kama mlivyosikia nilisema yale yanayosemwa. Nilimshukuru kila mtu, hata yule bwana wa lifti ambaye hajawahi kunisalimia. Haya ya leo ni ya Kiswahili na ni yenu nyinyi wawili, mliorithi meza yangu, taa yangu yenye shingo ndefu na ule mlango wa stoo unaolia. Msiutie mafuta. Unalia tangu siku niliyoingia, na umetusaidia sana kujua kwamba mkubwa anakuja.

Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Za kwanza zinachosha na za pili zinaudhi.

Zuhura, wiki yako ya kwanza ulisimama mbele ya sanamu ya mtakatifu wetu asiye na mikono ukaniuliza, kwa ile sauti yako ya Unguja, "Bi Anaeli, kwani hawa si wote Wakristo? Sasa wakiuana kwa lipi?" Nilikujibu kwamba ni hadithi ndefu, nikaenda kunywa chai. Furaha alicheka, maana yeye ni Mkatoliki wa Goma na alidhani analijua jibu. Nimestaafu sasa, chai nainywa nyumbani, na jibu naweza kuliandika.

Nianze na kwetu. Mimi ni wa Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Kwetu walifika wamisionari wa Kijerumani, Walutheri. Ng'ambo, upande wa Kibosho, wakafika mapadri wa Kifaransa, Wakatoliki. Mto uliopo katikati, wakati wa kiangazi, unauvuka na viatu vyako mguuni kama unayajua mawe ya kukanyaga. Huko Ulaya walikuwa wameshachinjana kwa ajili ya mambo hayo, wakachoka, wakaacha, kabla babu zetu hawajajua kama kuna Ulaya. Ugomvi ukatufikia umefungashwa vizuri pamoja na vitabu vya nyimbo, nasi tukaukaribisha na kuupa kiti.

Kwa hiyo nilikua najua kwamba ukiamkiwa "Bwana Yesu asifiwe" uko nyumbani, na ukisikia "Tumsifu Yesu Kristo" umevuka mto. Sisi tulikuwa na ibada, wao walikuwa na misa. Sisi madhabahu, wao altare. Hata majina yalisema. Mtu akiitwa Anaeli huna haja ya kuuliza baba yake anasali wapi, na mtu akiitwa Gaudence vilevile. Basi Anaeli akaolewa na Gaudence.

Nitarudi huko. Kwanza kazi.

Tulikuja London Gaudence alipokuja kusomea uuguzi, na mimi nikawa nasafisha ofisi. Kisha nikasoma jioni, kozi ya kuhifadhi vitu vya mbao, kwa sababu nilipenda mbao na kwa sababu darasa lilikuwa na joto kuliko chumba chetu. Makumbusho yetu yakanichukua kama msaidizi. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kanisani. Nilipewa glavu, koti jeupe lililonizidi, na mtu wa kunifundisha.

Huyo alikuwa Malachy. Hamkumkuta, alistaafu kabla yenu, lakini kila mnachokijua kwa mikono yenu kimepitia kwake. Alikuwa mtu wa Belfast, mwembamba, mwenye nyusi kama brashi ya viatu, na mara nyingi nyusi hizo zilikuwa na chembe za dhahabu kutoka kwenye sanamu. Hakuniuliza nilisoma wapi. Alinipa furushi la pamba na vijiti vya mianzi akasema viringisha. Nikaviringisha pamba kwenye vijiti kutwa nzima, yeye akipita, anakitazama kimoja, anakitupa, anapita. Jioni akachukua kimoja akakiweka mfukoni mwa shati lake. Nikajua nimefaulu.

Kesho yake asubuhi akaniuliza kama nimeshakunywa chai. Nikasema bado.

"Vizuri," akasema. "Basi mate yako ni safi."

Nilidhani sijaelewa Kiingereza chake, maana Kiingereza cha Belfast ni mtihani wa peke yake. Akachukua kijiti changu, akakilowesha ulimini, akakiviringisha taratibu kwenye shavu la malaika wa mbao aliyekuwa mweusi kwa masizi. Pamba ikatoka kahawia. Chini yake kukawa na waridi, rangi ambayo hakuna aliyeiona tangu mishumaa ya watu waliokufa zamani ilipoifunika. Mate, akanieleza, yana kitu ndani yake kinachomeng'enya mafuta na uchafu, yana uvuguvugu wa mwili, na hayali rangi kama dawa za chupa. Usisugue, viringisha. Pamba ikichafuka, itupe, usirudie. Usile kitunguu saumu. Na usiite kitu uchafu mpaka umekitazama siku nzima, maana kinachoonekana uchafu huenda ni mahali watu walipobusu.

Mimi nilikuwa mbali. Nilikuwa Machame, nimesimama uani siku ya kwenda shule ya bweni, na babu yangu mzaa baba amenishika viganja vyote viwili. Akanitemea mate, kidogo tu, kama manyunyu, akasema maneno ya Kichagga ya kunitakia mema. Ndivyo wazee wa kwetu walivyobariki. Baba alikuwa amesimama kando, mzee wa kanisa, tai imemkaba shingo, akageuza uso akatazama njia. Kanisa lilikuwa limesema hayo ni mambo ya kipagani na Baba alikuwa ameyaacha kabisa. Yeye alibariki kwa zaburi, macho amefumba, mikono nyuma. Ile ya babu ndiyo niliyoisikia kwenye ngozi.

Sikumwambia Malachy hayo siku hiyo. Nililowesha pamba yangu nikaanza na kidole cha mguu cha yule malaika, mahali ambapo nikiharibu hapaonekani sana. Huo nao ni ushauri.

Miaka iliyofuata nilijifunza vita vya dini vya Ulaya kwa njia ambayo vitabuni haipo, yaani kwa kidole. Mtu anayesoma anaambiwa Wakatoliki na Waprotestanti walipigana, mfalme huyu, mkataba ule. Mimi nilikuwa nashika mahali shoka lilipopita. Ukiweka taa pembeni, karibu na mbao, mwanga ukalala, utaona kama aliyekata alikuwa na hasira au alikuwa ametumwa. Mwenye hasira anakata ovyo, anakosa, anarudia. Aliyetumwa anakata macho, pua, mikono, kwa mpangilio, kama mtu anayepogoa kahawa, kisha anakwenda kula. Mimi waliotumwa ndio walionitisha zaidi.

Tulipata kuta kutoka makanisa ya hapa Uingereza ambako picha za watakatifu zilipakwa chokaa zisionekane tena. Waliopaka walitaka kuzifuta, na ile chokaa ndiyo iliyozitunza rangi. Malachy alikuwa akiligonga lile tabaka jeupe kwa mpini wa brashi na kusema anawashukuru maadui kwa kazi nzuri. Tulipata kikombe cha meza ya Bwana kutoka kwa Waprotestanti wa Ufaransa, kimebonyea upande mmoja, wenyewe walikificha chini ya sakafu. Sikumwacha mtu akinyooshe. Kilibonyea kwa sababu.

Malachy na mimi tulielewana mapema. Siku moja wakati wa chai alinieleza kwamba mtaani kwao mtu akikuuliza ulisoma shule gani, anatafuta kujua kama akupige. Nikamwambia kwetu inatosha salamu. Akaweka kikombe chini, akacheka mpaka nyusi zikamwaga dhahabu. Yeye alikuwa Mkatoliki. Aliondoka kwao kijana, mabomu yalipozidi, na akaja kutengeneza vitu vilivyovunjwa na ugomvi uleule. Nilimuuliza kama hiyo haimchoshi. Akasema afadhali hapa, hapa walioumia wamekaa kimya na mshahara unaingia.

Sasa Gaudence.

Baba alipoambiwa nimechumbiwa na mtu wa Kibosho hakupiga kelele. Alisema, "Sitakanyaga nyumba yenye masanamu," akaenda kukata majani ya ng'ombe. Ndoa ilifungwa kwa padri. Mama alikuja na kitenge chake kipya, mjomba akanishika mkono, na kiti cha Baba kikabaki na koti la mtu mwingine juu yake. Marafiki wa Gaudence walimcheka upande wao pia, wakamwambia wanawake wa Kimachame wanaua waume. Mpaka leo yu hai. Ana kisukari kidogo, na hicho ni cha ukoo wao.

Siku niliyomweleza Baba kwa simu kwamba nimepata kazi makumbusho, akauliza kazi gani. Nikasema nasafisha na kutibu sanamu za kanisa. Simu za nje siku hizo zilikuwa ghali, kwa hiyo hakuzunguka.

"Nilikusomesha," akasema, "ili ukayafute vumbi masanamu ya Waroma?"

Gaudence alikuwa akiichukua simu kila nikimaliza, anasema, "Shikamoo, Baba." Na upande wa pili Baba anampa simu mtu mwingine. Kila mara. Nyinyi ni Waswahili, sina haja ya kuwaeleza shikamoo isiyojibiwa inavyouma. Gaudence hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana angelalamika ningempinga. Binti yetu Monika alipokuwa mdogo aliniuliza, "But Mama, Babu hajawahi kuongea na Daddy, why? Did he do something?" Nikamwambia Daddy alivuka mto. Akaona ni jibu la kijinga, akaenda zake.

Mama alifariki. Baba akazeeka. Kisha kaka yangu Elisante, anayekaa Stratford, akampatia tiketi aje atembee miezi michache. Sote tulijua ni safari yake ya kwanza na ya mwisho, magoti yake yalikuwa yameshaisha. Akafikia Stratford, akakaa Stratford. Nilikwenda kumwona kila Jumapili mchana nikiwa na chakula. Kuja Lewisham kwangu akakataa, tena kwa upole, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai. Alikuwa amesikia kwamba Gaudence ana sanamu ya Bikira Maria sebuleni. Ni kweli, ipo juu ya kabati la vyombo, ya plasta, mama mkwe alimpa alipokuwa anaondoka.

Nilikuwa nalia ndani ya treni nikirudi. Naandika wazi kwa sababu huenda nanyi mtalia kwenye treni siku moja, na mjue kwamba London hakuna atakayekuuliza. Nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka Baba amjibu mume wangu kabla hajapanda ndege, kwa sababu nilijua nitakuja kumzika, na sikutaka Gaudence asimame kaburini kwa mtu asiyewahi kumjibu salamu.

Ndipo ikaja siku ya familia karakanani, mnaijua, tunafungua milango ndugu zetu waone tunachofanya na kula biskuti. Nikamwalika Baba nikitegemea kukataliwa. Akafikiri. Akasema, "Kazini ni kazini. Si kwako." Elisante akamshusha mlangoni asubuhi, Baba amevaa suti ya kahawia aliyoishona kwa harusi yangu ambayo hakuja, na Elisante akaenda zake kazini.

Wakati huo mezani kwangu kulikuwa na kazi ngumu kuliko zote nilizopata. Mnamjua, yuko ghorofa ya kwanza, mkono wa kulia ukitoka kwenye ngazi. Ni Mama Maria wa mbao laini nyeupe, kutoka kusini ya Ujerumani, amembeba mtoto, joho la buluu, kimo cha mtoto wa miaka kumi. Uso hana. Ulikatwa na askari wakati wa vile vita vya miaka thelathini, wakati Wakatoliki na Waprotestanti walipoichoma Ujerumani yote, kijiji kwa kijiji, wakisaidiwa na kila mfalme aliyekuwa na lake. Mtoto ana uso. Mama hana, kuna mbao tupu yenye makato, na chini yake shingo nzuri sana.

Msimamizi wa maonyesho alitaka tumchongee uso mpya, watu wauone uzuri wake. Malachy alikataa, mimi nikakataa, na ubishi ulikuwa bado unaendelea. Nilikuwa nimefika shingoni, nikiondoa masizi.

Baba akaja akasimama nyuma yangu, fimbo mkononi. Nilimvutia kiti, hakukaa. Nikamwambia atazame tu, nimalize kipande hiki. Nikakilowesha kijiti ulimini, nikakiweka chini ya kidevu, pale ambapo kidevu kingekuwa.

"Mae!" Fimbo ikagonga sakafu. "Wee Anaeli! Unamtemea mate mama wa Bwana?"

Mtoto wa mtu akaangusha biskuti. Baba alikuwa amekinyoosha kidole, na alikuwa amenikasirikia kweli, vile alivyokuwa akinikasirikia nilipokuwa msichana na kuchezea Biblia. Mzee wa kanisa wa Kilutheri, ambaye kwa ajili ya masanamu hakuja harusini kwangu, alikuwa anamtetea Maria wa mbao.

Malachy akaja na kikombe chake akauliza mzee amesema nini. Nikatafsiri. Akanitazama, akamtazama Baba, akatafuta kiti akakaa yeye mwenyewe, kwa kicheko kilichomnyima pumzi.

"Mwambie baba yako," akasema akifuta macho, "kwamba tangu nizaliwe Belfast sijamwona Mprotestanti akimpigania Bikira Maria. Mpeni kiti. Mpeni na chai."

Nikatafsiri na hilo. Baba akakaa. Alikuwa ameona haya, sijawahi kumwona hivyo, aliishika kofia yake kwa mikono miwili magotini. Nikamweleza kuhusu mate, jinsi yanavyosafisha, jinsi dawa nyingine zinavyochubua rangi, jinsi tunavyoyatumia asubuhi kabla ya chai. Nikamwonyesha pamba iliyochafuka na ngozi iliyotokea chini yake, nyeupe yenye wekundu kidogo.

"Mate," akasema Baba.

"Mate tu, Baba."

"Mtu anatemewa mate ili awe mzuri."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa taratibu. "Baba yangu angepata kazi hapa," akasema.

Kisha akanyanyuka akaja karibu. Akauliza nani alimkata uso. Nikamwambia askari wa Kilutheri.

"Watu wetu."

"Watu wetu, Baba."

"Watu wetu wa wapi? Sisi tulikuwa kwetu tunakula ndizi." Lakini alisema bila nguvu. Nikamwonyesha meza ya pili, ambako kulikuwa na ubao wa mimbari kutoka kanisa la Kiprotestanti la nchi hiyohiyo, umeungua nusu, herufi za Neno la Mungu zimekuwa mkaa. Hao ni askari wa Kikatoliki, nikamwambia. Baba alisoma Kijerumani kidogo, cha nyimbo za zamani, akajaribu kuyasoma maneno yaliyobaki akashindwa palipoungua. Alisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Niliendelea na kazi yangu kwa sababu sikujua la kufanya.

Aliporudi akauliza, "Utamrudishia uso?"

"Hapana."

"Kwa nini? Wewe ni fundi."

"Hatujui ulikuwaje, Baba. Tukimchongea, utakuwa uso wa kwetu, si wake. Sisi tunazuia tu isiendelee. Mbao isioze, rangi isidondoke. Kilichokwisha kukatwa kimekatwa."

"Kuzuia isiendelee," akasema. "Hiyo ndiyo kazi yote?"

"Ndiyo yote."

Akakaa tena, akanywa chai yake iliyopoa, sukari nyingi. Malachy alimletea biskuti akamwonyesha kwa vidole jinsi ya kuzichovya, na wale wazee wawili wakachovya biskuti pamoja bila neno hata moja la lugha moja. Nikawa naviringisha pamba. Mchana ulipokwisha Baba akaniuliza, akiitazama kofia yake, "Huyo mwenzio anafanya kazi leo?"

Alikuwa hajawahi kumwulizia. Nikasema anakuja na gari kunichukua, Elisante atakuja kukuchukua wewe.

"Mpigie Elisante asije."

Gaudence alikuwa amesimama kando ya gari, nyuma ya jengo, pale kwenye mapipa ya taka. Alitoka zamu hospitali, bado amevaa sare chini ya koti. Alipomwona Baba anakuja na fimbo yake aliitoa mikono mfukoni kama mwanafunzi. Mimi nilibaki hatua kadhaa nyuma. Niliogopa. Nilifikiri kama asipojibu hapa, ana kwa ana, basi tena, hakuna simu ya kuisingizia.

"Shikamoo, Baba," akasema Gaudence.

Baba alimtazama. Akahamisha fimbo kutoka mkono huu hadi ule. Lori la taka lilikuwa linarudi nyuma, linapiga kile king'ora chake, na nilitamani kulipiga jiwe.

"Marahaba," akasema Baba. Kisha akasema, "Lete mikono."

Kibosho na Machame walipigana sana zamani, kabla hata ya wazungu, lakini kuhusu mate walikuwa wamekubaliana. Gaudence alielewa kabla yangu. Akakunjua viganja vyote viwili akainama. Na Baba, mzee wa kanisa, aliyemgeuzia uso baba yake mwenyewe kwa jambo hilohilo, akamtemea mate, kidogo, kama manyunyu, kiganja hiki na kiganja kile. Akasema maneno ya Kichagga ambayo sitayaandika, kwa sababu hayakuwa yangu. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, na dereva wa lori akadhani nimegongwa.

"Sasa nipelekeni nikaone mnakoishi," akasema Baba.

Gaudence ni muuguzi. Anajulikana kwa kunawa. Ananawa akitoka kazini, akiingia nyumbani, akigusa mlango, akigusa pesa, ngozi ya mikono yake imepauka kwa sabuni. Siku hiyo aliendesha kutoka makumbusho mpaka Lewisham ameshika usukani kwa ncha za vidole, viganja ameviinua, kama amebeba maji. Nilikuwa kiti cha nyuma, nimeona yote. Baba mbele alikuwa anauliza majina ya makanisa tunayopita, na kila moja anauliza, "La nani?"

Nyumbani alisimama mbele ya kabati la vyombo. Akamtazama Maria wa mama mkwe, wa plasta, buluu imefifia, pua imemeguka kidogo Monika alipomwangusha. Nilishika mgongo wa kiti. Baba akasogeza miwani.

"Huyu ana uso," akasema, akaenda kukaa.

Nilikuwa na machalari ya jana, zile ndizi zetu za nyama, nikayapasha. Tulipokaa mezani Gaudence akafanya ishara ya msalaba na Baba akatazama sahani yake, kisha Baba akaomba, ndefu, ya Kilutheri, chakula kikaanza kupoa. Tukasema amina wote. Gaudence alikuwa bado ameweka mikono mapajani, viganja juu.

"Gaudence," nikamwambia, "kanawe tule."

Akanitazama kama nimemtukana. Hakuinuka. Nilimwelewa, lakini machalari hayaliwi kwa kutazamwa, na mtu mzima yule macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Baba akavuta sahani yake karibu.

"Nenda kanawe, mwanangu," akamwambia. "Yameshaingia."